JINA LA TOVUTI NI KIWANJA... HATI IKO KWA JINA LA NANI?

Kama kuna kazi ambayo sisi watu wa Dar hatujawahi kushindwa, ni kubandika majina. Panda daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Makumbusho, ukipata siti ya dirishani usisinzie, wewe soma tu. Saluni, genge, duka la dawa, gereji, baa... kila kibanda kina jina lake na kila jina lina kisa. Basi lililo mbele yenu nalo limeandikwa mgongoni maneno ya kumkomesha jirani. Khanga ndiyo kabisa, hainunuliwi mpaka isomwe jina. Mtoto akizaliwa, shangazi ana jina, babu ana jina, na baba mtu naye anataka la mchezaji wa Simba au Yanga.

Sasa mwambie fundi huyo huyo wa majina akuchagulie jina la tovuti. Hapo ndipo utamwona anajikuna kichwa! Ataunga jina refu kama treni ya TAZARA, atachomeka namba katikati, ataweka kistari, mwisho atachoka na kumwachia kijana wa kompyuta: "Weka lolote bwana, wewe ndiye unayejua." Na hapo ndipo anapoingizwa mjini.

Leo nataka tuongee hilo, maana siku hizi tovuti si ya mabenki na mashirika makubwa peke yao. Mwenye chekechea Buza anayo, mshona nguo wa Mwananyamala anayo, mpiga picha za harusi wa Tegeta naye anayo. Jina likiwa baya unaweza kulibadili, ukapaka bango rangi upya na maisha yakaendelea. Lakini jina likiwa zuri halafu si lako, hiyo ni habari nyingine.

YALIYOMKUTA NDUGU YANGU WA KEKO

Nina binamu yangu, mtoto wa mjomba, ana karakana ya samani pale Keko. Keko mnaijua. Ukipita njia ile unakaribishwa na makochi yamepangwa mpaka ukingoni mwa barabara, vitanda vimeegemezwa ukutani, harufu ya vanishi inakufuata mpaka unavuka. Binamu yangu alianza kwa kupiga msasa kwa fundi mwingine, leo ana vijana wanne na mashine yake ya kuranda.

Miaka kadhaa iliyopita alitokea kijana mmoja, msafi, kompyuta ya mapajani mkononi, maneno matamu. Akamwambia, "Kaka, mafundi wote hapa wanauza barabarani, wewe uza dunia nzima." Binamu akalipa. Tovuti ikatoka, nzuri kweli, picha za makabati ya mninga zinang'aa. Kaka mtu akachanganyikiwa kwa furaha! Akachapisha kalenda, akachapisha fulana za vijana, akaandika anwani ya tovuti ubavuni mwa Kenta inayopeleka mizigo. Wateja wakaanza kupiga simu kutoka Morogoro na hata Zanzibar.

Baada ya miaka miwili, mteja mmoja akapiga simu akicheka: "Fundi, siku hizi unauza makochi au unachezesha kamari?" Kufungua tovuti, makabati hayapo. Kuna matangazo ya kubeti, tena kwa lugha ambayo hakuna aliyeitambua pale karakana. Kumpigia yule kijana, namba haipatikani. Kufuatilia, ikagundulika kwamba jina lile halijawahi kuandikishwa kwa binamu yangu hata siku moja. Liliandikishwa kwa jina la kijana, kwa baruapepe ya kijana, na ada ya mwaka ilipofika hakulipa. Jina likarudi sokoni, mtu wa mbali huko akaliokota. Lile jina silitaji hapa, maana sasa lina mwenyewe, na mwenyewe si sisi.

Kalenda zimechapwa, fulana zimevaliwa, Kenta inazunguka mjini ikimtangazia mtu wa kamari bure. Ndiyo binamu akanipigia: "Dogo, wewe si unaandika magazetini? Njoo unitafutie jina jingine. Na safari hii nataka nijue kila kitu."

Nikaenda. Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyoyachambua pale kwenye vumbi la mbao, wiki mbili nzima.

KOMPYUTA INAJUA NAMBA, WEWE UNAJUA JINA

Kwanza tujue hiki kitu ni nini. Kwenye simu yako umeandika "Mama Ali Mkaa". Namba yake huikumbuki na huna haja, unabonyeza jina, simu inatafuta namba yenyewe. Intaneti nayo iko hivyo hivyo. Kila kompyuta inayohifadhi tovuti ina namba yake, na hizo namba binadamu wa kawaida hazikumbuki. Zamani, mtandao ulipokuwa mdogo, majina yote yaliandikwa kwenye faili moja tu lililotunzwa na taasisi moja huko California, Marekani. Watu walipoongezeka faili likawazidi. Mwaka 1983 mtaalamu aitwaye Paul Mockapetris akabuni utaratibu wa kugawa kazi: kila tawi lisimamie majina yake. Utaratibu huo ndio tunaotumia mpaka leo.

Kwa hiyo jina la tovuti, ambalo wataalamu wanaliita kikoa na vijana wa mjini wanaliita domeini, ni kitu cha peke yake. Tovuti ni nyumba, jina ni kiwanja. Nyumba unaweza kuibomoa ukajenga nyingine, ukabadili fundi, ukabadili rangi. Kiwanja kikiondoka, umeondoka na wewe.

Tena nikwambie kitu ambacho wengi hawakijui: jina hulinunui moja kwa moja. Unalikodi kwa mwaka, au kwa miaka kadhaa ukilipia mapema. Ni kama kodi ya pango la ardhi, usipolipa, wenyewe wanalichukua na kumpa mwingine.

SIKIO LA DALADALA

Tukaanza kutafuta jina. Sharti la kwanza nililompa binamu: jina lipite mtihani wa daladala. Yaani mtu alisikie mara moja, ndani ya basi lililojaa, redio inapiga, konda anagonga bati, halafu akifika nyumbani aliandike bila kukosea herufi hata moja.

Hapa Kiswahili kinatubeba sana. Mwingereza anaandika hivi anasoma vile, akitaja jina la tovuti yake lazima alitaje na herufi zake moja moja. Sisi tunaandika tunavyotamka. "Kitanda" ni kitanda, hakuna wa kukiandika vingine. Huu ni mtaji mkubwa, halafu watu wanautupa kwa kukimbilia Kiingereza! Jirani mmoja pale Keko alitaka jina lenye neno "furniture". Nikawaomba mafundi sita waliandike ubaoni kwa chaki. Yakatoka maneno sita tofauti.

Lakini Kiswahili nacho kina mitego yake. Binamu alitaka neno "samani" kwa sababu ndiyo kazi yake. Nikalitaja kwa sauti kwa watu watatu: mama lishe wa pale jirani, konda mmoja wa Temeke, na mtoto wa darasa la nne. Mtoto akaandika "samani", safi. Konda akaandika "thamani". Mama lishe, Mungu ambariki, akaandika "zamani". Binamu akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Kwa hiyo mteja mmoja atakuja kwangu, wa pili ataenda kwa sonara, wa tatu atafika makumbusho." Tukacheka, lakini ndiyo hali yenyewe. Nchi yetu ina lafudhi nyingi. Wapo wanaochanganya "r" na "l", wakakuandikia "kalibu" badala ya "karibu". Wapo wanaoimeza "h", wakaandika "odari" kwa "hodari". Wapo ambao "dh" kwao ni "z". Mteja wako hakosei, ndivyo anavyosikia. Anayetakiwa kuhama ni jina.

Halafu kuna ile alama ya juu. Karakana haiko mbali na Chang'ombe, kwa hiyo wazo la kuingiza jina la mtaa lilikuja mapema. Lakini jina la tovuti linakubali herufi za kawaida, tarakimu na kistari tu, na urefu usizidi alama 63. Ile alama ya "ng'" haimo. Ukiandikisha Chang'ombe lazima iwe "changombe", na ng'ombe wako anakuwa "ngombe". Wengine wanaizoea, lakini msomaji makini atajiuliza kama ameandika sawasawa.

Namba nazo ni mtego. Kijana mmoja wa karakana akatoa wazo: fundi namba moja. Sasa hiyo "moja" ni tarakimu au maneno? Na kistari je? Jaribu kumwambia mama yako mzazi kwenye simu, "Andika makochi, kistari, bora." Atakuuliza, "Kistari cha kulala au cha kusimama?" Mpaka mmalize, vocha imekwisha.

MANENO YAKISHIKANA

Mtego mwingine ni kwamba jina la tovuti halina nafasi kati ya neno na neno. Maneno yote yanashikana kama abiria wa saa kumi na mbili asubuhi pale Tandika, na yakishikana yanaweza kusema kitu kingine kabisa.

Mfano, mtu anauza mikeka, anataka jina la "mkeka wangu". Liandike kwa pamoja: mkekawangu. Sasa lisome taratibu. Mwingine ataona "mkeka wangu", mwingine ataona "mke ka' wangu"! Hapo umeleta ugomvi kwenye nyumba za watu. Acha kwamba siku hizi ukisema mkeka, nusu ya vijana wanafikiria ule wa kubeti.

Jaribu na "kitikizuri". Ni kiti kizuri, lakini jicho linajikwaa kwanza. Au "makochi imara": neno la kwanza linaishia na "i", la pili linaanza na "i". Likishikana linakuwa makochiimara, lenye "i" mbili, na watu wengi wataandika moja. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo neno la pili likianza na irabu lazima uwe mwangalifu. Mwenye "dawa asili" atateseka, mwenye "dawa bora" atapumua.

Dawa yake ni rahisi: chukua kalamu, liandike jina lote kwa herufi ndogo bila nafasi, mpe mtu asiyejua unataka nini, mwambie asome kwa sauti. Akisita, achana nalo.

Na usiwe na tamaa ya maneno. Neno moja au mawili yanatosha. Angalia walioanza zamani. Mwaka 2005 Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alianza kuweka picha na habari mtandaoni, akatumia jina lake tu. Maggid Mjengwa naye, Mjengwa tu. Millard Ayo, Millard Ayo tu. Hawakuhitaji "habari motomoto za Tanzania na dunia". Jina la mtu likizoeleka linajitangaza lenyewe, na hakuna mwenzako wa kuligombea.

Ila kwa Michuzi kuna somo la pili. Anwani iliyompa umaarufu ilikuwa na mkia wa blogspot, yaani kiwanja cha Google. Ni bure, na kwa yeye aliyekwisha kujulikana haikumzuia kufika mbali. Lakini wewe usiyejulikana, ukikaa kwenye mkia wa mtu wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba ana sheria zake. Na wanaosema "mimi Instagram inanitosha" nawaambia hivyo hivyo. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa hapa Tanzania, wateja wa huko wakabaki ng'ambo ya ukuta. Uza huko, jitangaze huko, lakini uwe na mahali pako pa kudumu ambapo mteja akikupoteza ataanzia kukutafuta.

DOTI KOMU AU DOTI TIZEDI?

Jina likipatikana, linakuja swali la mkia. Hapa karakana iligawanyika kama siku ya Simba na Yanga. Vijana walitaka .com kwa sababu ndiyo inayosikika. Mjomba, ambaye alikuja kunywa kahawa tu, akasema, "Sisi Watanzania, tuweke ya Tanzania."

Herufi .tz ziliingia kwenye orodha ya dunia mwaka 1995. Mwaka 2006 TCRA na chama cha watoa huduma za intaneti wakaunda kampuni ya kuzisimamia, tzNIC, ikaweka makazi Kijitonyama. Chini ya .tz kuna matawi. Biashara wanakaa .co.tz, asasi zisizo za kibiashara .or.tz, vyuo .ac.tz, shule .sc.tz, serikali .go.tz, na mtu binafsi ana .me.tz yake. Ukiona mtu anajiita ofisi ya serikali halafu mkia wake si .go.tz, shika pochi yako vizuri.

Uzuri wa .co.tz ni kwamba mteja wa hapa anajua uko hapa, na jina lililokwisha kwenye .com mara nyingi huku bado liko wazi. Ubaya wake ni kwamba watu wanasahau kumalizia. Mtu akiandika .co akaacha tz, amekwenda Colombia, maana .co ni yao! Akiandika .me bila tz, yuko Montenegro. Mteja wa Keko anatafuta kabati huko Ulaya, wewe unashangaa simu haiiti.

Na usidhani mkia ni pambo tu. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa Mahakama ya Kisutu. Wengi wanakumbuka kwamba polisi walitaka taarifa za wachangiaji. Wachache wanakumbuka kwamba kati ya mashtaka lilikuwemo la kuendesha tovuti ambayo haikuandikishwa kwa .tz, kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Jina lilikuwa jamiiforums.com. Herufi tatu za mwisho zikampeleka mtu kizimbani, na kesi zikazunguka Kisutu kwa miaka.

Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na mwenye blogu akajikuta anatakiwa kulipa ada za leseni ambazo kwa jumla zilivuka shilingi milioni 2. Wapo waliofunga. Baadaye kanuni zilibadilishwa na ada zikapunguzwa. Muuza makochi hausiki sana na hayo, lakini kama jina lako jipya ni la tovuti ya habari na matukio, uliza TCRA kabla hujachapisha bango. Kuuliza si ujinga.

Uamuzi wetu? Mjomba akashinda, .co.tz iwe ndiyo ya mlangoni. Lakini .com nayo ichukuliwe, ielekezwe hapo hapo, ili mteja wa Oman au Marekani asipotee na mjanja asije akakaa jirani na jina lile lile. Ada ya mwaka ya jina moja ni kama bei ya viatu vizuri vya mtumba. Kwa mwenye karakana hiyo si hela ya kumkosesha usingizi.

HATI, HATI, HATI!

Sasa nifike pale panapouma. Mjini hapa hakuna asiyejua kisa cha kiwanja kilichouzwa mara mbili. Mtu akinunua kiwanja Kigamboni, cha kwanza anauliza: hati iko wapi, jina la nani? Lakini mtu huyo huyo akinunua jina la tovuti hauulizi chochote. Analipa, anaonyeshwa picha zinazong'aa, anakwenda nyumbani.

Uliza mambo manne, na uyaulize kabla hujatoa hela. Jina limeandikishwa kwa nani, wewe au fundi? Baruapepe iliyowekwa kwenye usajili ni ya nani? Maana anayeshika baruapepe hiyo ndiye anayeshika funguo. Neno la siri la akaunti kwa wakala analo nani? Na mwisho wa kulipia ni tarehe ngapi? Fundi akikujibu "usijali kaka, hayo niachie mimi", basi hapo ndipo uanze kujali.

Kuna daftari la wazi linaitwa whois. Unaingiza jina, linakuonyesha lilisajiliwa lini, kwa wakala gani na linaisha lini. Siku hizi majina mengi ya watu yamefichwa humo kwa ajili ya usiri, lakini tarehe huwa zinaonekana. Na msichanganye mambo: kuandikisha jina la biashara BRELA hakukupi jina la tovuti, na kuwa na tovuti hakukupi jina BRELA. Ni ofisi mbili, daftari mbili. Tafuteni kote kabla hamjapenda jina.

Mwenye hati mkononi anaweza kupambana hata na tembo. Marekani, jimbo la North Carolina, kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Uzi Nissan. Nissan ni jina la ukoo wake. Alikuwa na duka la kompyuta, na mwaka 1994 akaandikisha nissan.com. Mwaka 1999 kampuni ya magari ya Nissan, hii hii ambayo magari yake yanapita hapa kila siku, ikamshtaki ikitaka dola milioni 10. Kesi ikachukua miaka. Mahakama ikamkataza kuweka humo mambo ya magari, lakini jina akabaki nalo. Alifariki mwaka 2020 jina likiwa bado lake, na kampuni kubwa kama ile ikabaki na nissanusa.com. Fikiria kama usajili ungekuwa kwa jina la kijana aliyemtengenezea tovuti!

Na ikitokea lazima uhame jina, hama mapema na hama kwa akili. JamiiForums wenyewe walianza mwaka 2006 wakiitwa JamboForums, wakabadili mwaka 2008. Angalia walivyobadili: herufi za mwanzo ni zile zile. Watu wa JF wakabaki JF.

Binamu yangu naye alilifikiria hilo. Jina jipya limebeba herufi za kwanza za lile la zamani, kwa hiyo kwenye ubavu wa Kenta kuna maneno hayakuhitaji kufutwa. Ni la bibi yetu, limeunganishwa na neno "vitanda". Limepita mtihani: mama lishe kaandika sawa, konda kaandika sawa, mtoto kaandika sawa. Amelisajili mwenyewe, kwa kitambulisho chake, kwa baruapepe yake, kalipia miaka miwili. Fundi wa tovuti ni mwingine, naye amepewa ruhusa ya kujenga nyumba, kiwanja hakimhusu.

Wakati tunachagua, vijana walitaka kulirusha kwenye kundi la WhatsApp wapate maoni. Nikawazuia. Mjini hapa jina zuri halitangazwi kabla halijalipiwa.

Basi msomaji wangu, wewe ambaye tayari una tovuti, kazi yako ni moja tu. Mpigie leo aliyekutengenezea, muulize kwa upole: "Ndugu yangu, jina letu linaisha lini, na limeandikwa kwa nani?" Akikujibu vizuri, mshukuru na umwombe akukabidhi funguo. Akianza kukohoa, panda daladala umfuate leo leo, kabla namba yake nayo haijaacha kupatikana.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.